Menyu Zinagoma Asubuhi

"Mashine haina kosa," Bosi Eustakio alimwambia Shadya. "Vyenye kosa ni vidole vyako."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe changu cha chai. Kawaida maneno yakifika hapo huwa natupia utani, watu wanacheka, kila mtu anarudi kwenye meza yake. Siku hiyo nilimwangalia Shadya usoni, nikaona bora ninywe chai.

Shadya akainua vidole vyote juu, akamwonyesha. "Hivi hapa. Vimekuchapia ripoti tangu ulipofika Ruangwa. Leo ndiyo vimeoza?"

"Vimeoza havijaoza, hilo utajua mwenyewe. Ijumaa ripoti ya robo mwaka iondoke na basi la Lindi. Isipoondoka ripoti, utaondoka wewe. Na wewe huendi Lindi, unakwenda kwenu Mbekenyera ukapalilie ufuta."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Alifunga taratibu, na hiyo kwa Bosi Eustakio ni mbaya kuliko kubamiza.

Huo ulikuwa mwaka 2005. Mradi wetu ulikuwa wa ufuta. Mimi nilikuwa bwana shamba, nina stashahada yangu ya kilimo na pikipiki ya mradi. Shadya alikuwa sekretari. Mama yake mgonjwa na watoto wake wawili, wote wako Mbekenyera, wote wanakula kwenye mshahara ule. Bosi Eustakio aliletwa kutoka Iringa kuja kutusimamia, na huko Iringa alikuwa na binti wa shemeji yake, amemaliza kozi ya kompyuta, yuko nyumbani tu. Picha yake tulishaonyeshwa sote, mpaka mlinzi. Hukuhitaji stashahada kuelewa ile picha ilikuwa inatafuta kiti cha nani.

Kompyuta ilikuwa moja. Wafadhili walituletea ikiwa imeshatumika, rangi yake imekuwa ya meno ya mvuta sigara. Robo mwaka iliyopita virusi viliingia humo kutoka kwenye flashi ya watu wa fotokopi, ripoti ikifunguliwa unaona visanduku na alama za kuuliza. Shadya akachapa upya yote. Ndipo Bosi akaagiza antivairasi kwa fundi Lukumani wa Nachingwea. Lukumani alikuja mwenyewe jioni moja, akainstoli, akatuonyesha menyu zinavyofunguka, akala ugali wetu, akaondoka.

Kesho yake asubuhi, balaa.

Unabofya "Skani", kimya. Unabofya "Setingi", kimya. Unataka kufunga lile dirisha lake, halifungiki. Mshale unageuka kile kichupa cha mchanga na kubaki hivyo hivyo. Ukisema basi, achana na antivairasi, nifungue ripoti nichape, unapiga herufi, herufi inakuja wakati wewe umeshasahau ulitaka kuandika nini. Menyu ya faili inafunguka nusu, ile nusu nyingine sijui inasubiri mgeni rasmi.

Shadya hakukaa tu. Alizima akawasha. Alifungua mausi, akatoa kile kigololi cha ndani, akakisafisha kwa spiriti na pamba kama anasafisha kidonda. Akabadilisha kibodi. Akajaribu kuiondoa antivairasi yenyewe, nayo ya kuiondolea ni menyu, na menyu ndizo zimegoma. Kila siku hivyo hivyo, inakuja kuachia mchana jenereta linapokaribia kuzimwa. Maana umeme wetu ulikuwa wa jenereta, na Bosi alitoa amri lingurume asubuhi tu, mwisho saa saba. Dizeli, alisema, hatuchimbi uani.

"Kwa hiyo mashine inapona ikikaribia kuzimwa?" Bosi alimuuliza siku moja mbele yetu. "Dada, hiyo ni kompyuta au ni mwanafunzi?"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, maana utani ulikuwa mzuri, ila haukuwa wa kusaidia.

Lukumani aliitwa. Gari la kutoka Nachingwea linafika Ruangwa mchana, kwa hiyo naye alifika alasiri, jenereta likawashwa kwa ajili yake. Akakaa. Akabofya. Menyu zikafunguka tap, tap, tap, kama mlango wa dukani.

"Tatizo liko wapi?" akauliza.

"Asubuhi inaganda," Shadya akasema. "Na ile taa nyekundu hapa mbele inawaka haitulii."

"Taa kuwaka ni kawaida, dada. Ukiona haiwaki ndiyo unilie."

"Sijakulilia. Nakwambia inaganda."

"Mbona mimi haijanigandia?" Akamgeukia Bosi. "Labda haipendi wanawake."

Bosi alicheka mpaka akakohoa. Wiki iliyofuata Lukumani akaitwa tena, akaja tena alasiri, ikafunguka tena, akacheka tena. Safari hiyo alimuuliza Shadya kama ana hakika anajua kitufe cha kuwashia. Shadya akamjibu kwamba anajua kitufe cha kuwashia na anajua na njia ya stendi, fundi akitaka aonyeshwe.

Sasa hapo kuna kitu nikieleze, maana kwetu sisi kilikuwa cha kawaida mpaka hatukioni tena. Ofisini kwetu saa zilisomwa zinavyotamkwa. Wewe mwenzangu una saa ya mkononi, asubuhi ya saa mbili mshale mfupi uko kwenye nane, unasoma upande wa pili bila hata kufikiri. Bosi Eustakio alikuwa hataki hayo. Yake ya mkononi ameirekebisha, saa mbili mshale uko kwenye mbili. Alipofika Ruangwa akapanda juu ya kiti, akaigeuza na ya ukutani. Halafu akaiona ya kwenye kompyuta, pale chini pembeni, imeandika nane na dakika tano.

"Hii nayo inasemaje? Saa nane? Tumeshakula mchana?" Akamwambia Shadya, "Irekebishe. Katika ofisi yangu saa mbili ni mbili."

Shadya akairekebisha. Mimi nilikuwepo, nina kikombe changu hikihiki. Basi ikawa hivyo, na miaka ikapita.

Turudi kwenye ugomvi. Jumatano ile, baada ya maneno ya vidole, Bosi akafungua mlango wake tena, akatoa kichwa tu. "Kesho beba hiyo sipiyu uipeleke Nachingwea kwa fundi. Na wewe Baba Tunu nenda naye. Nataka shahidi mwenye diploma, aje aniambie ni mashine au ni mtu."

"Na gari la mradi?" nikauliza.

"Gari la mradi ni la mradi."

Tukaondoka na lori la Abdala alfajiri, sipiyu imefungwa kwa khanga mapajani mwa Shadya kama mtoto anayepelekwa kliniki. Njiani nilijaribu kumchekesha. Nikamwambia akiulizwa na mtu aseme ni wa kiume, kilo nane, ananyonya vizuri.

"Baba Tunu," akaniambia bila kugeuka, "leo usinichekeshe. Nikicheka nitalia."

Nikamshikia upande mmoja wa khanga. Abdala akanitazama kwenye kioo, akapunguza mwendo kwenye mashimo.

Tulifika Nachingwea mapema, duka la Lukumani ndiyo kwanza linafunguliwa. Ndani kulikuwa na mama mmoja amekuja kuchukua picha za pasipoti na wazee wawili waliokuwa wanasikiliza redio ya fundi bure. Lukumani alipotuona na khanga yetu akapiga makofi.

"Jamani, mgonjwa kaletwa! Karibu dada. Bwana shamba, na wewe umekuja kumpima udongo?"

"Nimekuja kushuhudia," nikasema.

"Shuhudia basi." Akaunganisha nyaya, akawasha. Antivairasi ikafunguka. Skani, ikafunguka. Setingi, ikafunguka. Akavuta kiti pembeni ili wote waone. "Njooni muone mashine iliyokufa! Mama, njoo. Wazee, njooni. Huyu dada ananiita Ruangwa kila wiki, anakula nauli za watu. Haya, imekufa hii?"

Mzee mmoja akasogea, akatazama kioo, akatikisa kichwa. "Labda dada ana jini lisilopenda umeme."

Kicheko. Yule mama wa picha hakucheka. Nami safari hii nilishindwa kucheka.

Shadya akakaa kwenye benchi, akakunja mikono. "Fundi," akasema, "usiondoke hapo. Endelea kuichezea."

"Niendelee mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie. Si umesema nzima? Mwenye kitu kizima hachoki kukionyesha."

Lukumani akapenda. Watu wanamtazama, fundi gani angekataa? Akawa anafungua menyu na kufunga, anafungua na kufunga, anaimba imba. Kisha redio ikapiga zile alama za saa, pi, pi, pi, mtangazaji akasema saa mbili kamili, hii ni taarifa ya habari.

Lukumani akabofya "Setingi". Haikufunguka.

Akabofya tena. Akabofya "Skani". Mshale ukageuka kichupa cha mchanga. Akaacha kuimba. Akatikisa mausi, akaigonga mezani kidogo, akabofya haraka haraka mara nyingi, vile vile alivyokuwa anamkataza Shadya kubofya.

"Vipi?" Shadya akauliza kutoka kwenye benchi.

"Subiri kwanza."

"Nasubiri. Kwani haiwapendi na wanaume?"

Yule mama wa picha akacheka sasa, tena kwa sauti. Wazee wakasogea karibu zaidi. Mimi nikainama. Macho yangu yamezoea kutafuta wadudu upande wa chini wa jani, kwa hiyo nilitazama kule chini pembeni, ambako hakuna anayetazama. Kulikuwa na kialama kidogo, kama gurudumu, kinazunguka. Na taa nyekundu ya mbele inawaka haitulii. Na jirani na kile kigurudumu, saa. Mbili na dakika moja.

"Fundi," nikasema, "hiki kinachozunguka ni nini?"

Akatazama. "Hicho ni... inakagua. Inapekua mashine nzima, faili moja moja."

"Nani kaiambia ikague sasa hivi?"

"Sasa hivi hapana. Niliipangia mwenyewe ikague usiku. Na nikaificha isitoe dirisha, isisumbue watu. Mashine kama hii nzee ikikagua haiwezi kitu kingine, ndiyo maana niliiweka usiku, saa nane, ofisini hakuna mtu."

Shadya akainuka kwenye benchi.

"Saa nane ya usiku," akasema polepole, "humo ndani unaiandikaje?"

"Unaandika mbili. Mbili sufuri sufuri." Alipomaliza kusema hivyo, macho yake yenyewe yakashuka pembeni ya kioo. Yakakaa hapo. Redio ikaendelea na habari zake.

"Saa ya mashine hii imeandika mbili," akasema. "Na sasa ni saa mbili asubuhi. Ilitakiwa iandike nane."

"Umekuja kwetu mara mbili," Shadya akamwambia. "Umekaa mbele yake. Saa hukuiona?"

"Niliiona! Nilikuja saa tisa, ikawa imeandika tisa. Ningejuaje? Mdomoni saa tisa, kwenye kioo tisa..."

"Wewe fundi."

"Nani kachezea saa?" Sasa amekasirika, na fundi akikasirika anatafuta mteja wa kumkasirikia. "Kazi yangu ilikuwa safi! Mtu kabadilisha saa, mashine inadhani asubuhi ni usiku wa manane, halafu lawama mnanipa mimi!"

"Niliigeuza mimi, kwa kuagizwa," Shadya akasema.

"Na hebu nikuulize," nikasema, "ungepata saa sahihi, hiyo saa nane ya usiku jenereta letu linakuwa limelala. Ingekagua kwa kibatari?"

Akafuta kioo cha mashine kwa kiganja. Mzee wa jini akajibu badala yake, "Hapo kakushika, fundi."

Lukumani akachukua simu yake ya mkononi, akatoka nje. Mlango wa duka ulikuwa wazi na sauti yake haikuwa ya siri. "Ndiyo Bosi. Nimeipata. Tatizo ni saa, Bosi. Sekretari wako aliibadilisha. Ndiyo, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Hapana, antivairasi haina shida. Zile kompyuta tatu mpya ulizoniagiza tuendelee nazo tu, Bosi, bila wasiwasi."

Shadya aliyasikia yote. Alimsubiri arudi ndani.

"Umemwambia nani aliyeagiza?"

"Mimi sikuwepo mlipoagizana."

"Nimekwambia nani aliyeniagiza? Hapana. Kwa nini hukuniuliza kabla ya kupiga simu?"

"Dada, mimi ni mfanyabiashara. Nikimwambia mteja wangu kwamba kosa ni lake, hizo tatu nitamuuzia nani? Wewe?"

Shadya akamsogelea. Ni mfupi, Lukumani mrefu, lakini aliyerudi nyuma alikuwa Lukumani. "Sikia. Utanionyesha hapa hapa jinsi ya kubadilisha saa ya kukagua. Utanionyesha pole pole, mpaka niweze peke yangu. Usipofanya hivyo nakaa kwenye hili benchi, kila mteja anayeingia namsimulia. Nimekuja na chakula changu."

Kweli alikuwa nacho, mihogo kwenye kimfuko. Lukumani akautazama ule mfuko, akavuta kiti.

Ilibidi kwanza aisubiri mashine, na huko kusubiri kulikuwa kutamu sana kwa yule mama wa picha, ambaye picha zake alishazipata lakini haondoki. Mwisho Lukumani akazima kwa nguvu, akawasha, akaiwahi kabla haijaanza tena, akairudisha saa mahali pake, menyu zikafunguka. Akamwonyesha Shadya. Shadya akarudia mwenyewe, mara ya kwanza akakosea, mara ya pili akapata.

"Haya, niihamishe?" Lukumani akauliza.

"Acha hapo hapo ilipo, mbili ile ile. Nitaihamisha mimi, nikishamaliza nayo."

Kurudi Ruangwa tulipanda lori hilohilo. Nikamshauri. Nilimwambia, mdogo wangu, mambo haya unaweza kuyamaliza bila kelele. Mwachie Bosi saa yake, wewe hamisha tu kukagua iende mchana, menyu zitafunguka, ripoti itachapwa, kesho mchana tunakula pilau.

"Bila kelele kwa nani?" akaniuliza. "Fundi kashapiga simu. Nikinyamaza, mimi ndiye niliyeharibu. Leo sifukuzwi, mwezi ujao nafukuzwa, na watu watasema si ndiye yule aliyeharibu kompyuta."

Nikaichukua sipiyu, nikaipakata mimi mpaka tukafika. 

Ijumaa nilifika ofisini mapema, jua halijapanda. Nikakuta Shadya ameshamwamsha mlinzi, jenereta linanguruma, mashine ya kuchapia inatema kurasa. Saa ya kompyuta iko sahihi, kila menyu inaitika. Akapanga ripoti, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akampa mlinzi akaikabidhi kwa dereva wa basi la Lindi, na mlinzi akarudi kusema basi limeondoka. Ndipo akakaa, akajipangusa jasho.

Bosi Eustakio akaingia. Hakusalimia.

"Fundi kaniambia," akasema. "Kumbe umechezea saa ya ofisi. Wiki tatu unatusumbua, kumbe ni mkono wako. Barua yako nitaiandika leo."

"Shikamoo, Bosi," Shadya akasema. "Ripoti imeshaondoka."

"Sijakuuliza ripoti! Nimesema umechezea saa!"

"Uliniagiza wewe."

"Mimi? Mimi nikuagize uharibu mali ya mradi?"

"Ulisema katika ofisi yako saa mbili ni mbili. Baba Tunu alikuwepo."

Wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa na kikombe changu. Utani ulinijia kichwani, mzuri kabisa, wa kutuokoa sote watatu. Nikautazama uso wa Shadya, nikaumeza pamoja na chai.

"Ulimwagiza, Bosi," nikasema. "Nilisimama hapa hapa."

"Bwana shamba, chunga kauli yako. Mkataba wako nao unaisha Juni."

"Najua unaisha Juni. Ulimwagiza."

Bosi akatazama saa ya ukutani, akatazama ya mkononi mwake, halafu akainama akatazama ile ya kwenye kioo. Akaona nane kasoro dakika chache.

"Na hii tena umeigeuza bila ruhusa! Irudishe. Irudishe sasa hivi!"

"Nirudishe?"

"Wewe ni kiziwi?"

"Mbele ya shahidi," Shadya akasema. Akaigeuza. Moja na dakika hamsini na nane, sawa sawa na ile ya ukutani. Akainuka kwenye kiti, akakisogeza kwa adabu. "Karibu, Bosi. Kaa. Fungua menyu yoyote unayopenda."

"Mimi sijaja kucheza."

"Ulisema vyenye kosa ni vidole vyangu. Tumia vyako."

Nadhani kama asingesema hivyo Bosi angeondoka. Lakini mlinzi alikuwa dirishani, na mimi mlangoni. Akakaa. Akashika mausi kama mtu anayeshika panya kweli. Akabofya, menyu ikafunguka. Akabofya nyingine, ikafunguka. Akatugeukia na tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu siku ya picha ya binti wa shemeji.

"Mbona inafunguka?"

"Endelea tu," Shadya akasema.

Mshale mrefu wa saa ya ukutani ukafika juu. Kile kigurudumu kikaanza kuzunguka. Bosi akabofya, kimya. Akabofya tena. Akabonyeza kwa nguvu, kama anakanyaga mende kwa kidole. Kichupa cha mchanga. Akajaribu kufunga dirisha, likakataa. Akajaribu kwingine, nako hivyo hivyo. Tukamwacha. Jenereta linanguruma nje, na kile kibofyo, ta, ta, ta, ta. Masikio yake yakaanza kubadilika rangi.

Shadya akainama karibu na bega lake, akasema kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya kumsomea mtu barua ya msiba.

"Vidole vina kosa, Bosi?"

Bosi Eustakio akaachia mausi. Akainuka, akavuta shati lake chini, akatoka bila kumtazama yeyote. Mlinzi akajificha nyuma ya pipa la maji. Mlango wa chumbani ukafungwa, na safari hii ulibamizwa.

Barua haikuandikwa, siku hiyo wala baadaye. Hakuomba radhi pia, asije mtu akadhani hadithi imeishia kwenye pilau. Mchana Shadya aliirudisha saa ya mashine, akahamisha kukagua kuwe Ijumaa saa sita na nusu, ifike itakapofika kabla jenereta halijazimwa, ofisi nzima ikiwa msikitini na Bosi akiwa hotelini kwa Zaitun anakula peke yake. Hilo alilifanya bila kumuuliza mtu.

Jumatatu tulipofika, ukutani kulikuwa na msumari mtupu. Bosi alikuwa ameing'oa saa yake, ameipeleka chumbani kwake, ameitundika juu ya kichwa chake. Kuanzia hapo tukawa na ofisi mbili chini ya bati moja, kule ndani asubuhi ni mbili, huku nje kwenye kioo ni nane, na mlango umefungwa katikati. Wale wawili hawakusalimiana tena. Akitaka kitu kichapwe anaita, "Baba Tunu, mwambie sekretari." Naye Shadya, akiwa hatua chache tu kutoka mlango ule, anajibu, "Baba Tunu, mwambie Bosi nimesikia."

Na mimi naenda, na kikombe changu, namwambia Bosi kwamba amesikia.